Utamu Uliomo Ndani ya Makelele

Msomaji atashangaa kumwona mwalimu wa isimu, tena mtu wa makamo, akiutetea muziki ambao wengi wetu huuita makelele. Lakini niliusikia barabarani kutoka Lodwar kwenda Kakuma, na tangu siku hiyo nimeshindwa kuudharau.

Kijana aliyeketi kando yangu alikuwa akiucheza kwenye simu. Ngoma zilikwenda mbio, magitaa yakakwaruza, mwimbaji akafoka kama mtu aliyedhulumiwa. Ghafla kikaja kiitikio kitamu, chepesi, kikarudiwa. Kufikia mara ya tatu, mama mmoja wa Kiturkana nyuma yetu alikuwa akikifuatisha midomo ikiwa imefumba. Maneno yenyewe hata mimi sikuyapata.

Huo ni muziki wa panki, wa aina iliyokomaa California katika miaka ya 1980. Bad Religion walitoa Suffer mwaka 1988. Mwimbaji wao, Greg Graffin, ana shahada ya uzamifu kutoka Cornell na amewahi kufundisha chuo kikuu, jambo ambalo, nakiri, limenitia moyo kuandika makala haya.

Beti husemwa kwa kasi inayomeza konsonanti, ilhali kiitikio huwa kifupi, cha vokali ndefu, chenye kutosha pumzi moja. Hasira ni ya mwimbaji. Kiitikio ni mlango wa wengine kuingilia. Waturkana hawahitaji kufundishwa hilo. Katika edonga mwanamume humwimba fahali wake, mikono juu mfano wa pembe, na wenzake wakaitikia huku wakiruka hadi ardhi ikatetema.

Mwaka 2020 Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina lao ni giza kwa Kikikuyu, na giza ndilo walilotupa: ukali mtupu. Nawaheshimu, ila sikupata pa kuitikia.

Nako Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, lugha ni nyingi mno. Machi 2025, mgao wa chakula ulipopunguzwa, wakimbizi waliandamana, na wapo waliosikia fujo tu. Ndiyo maana sipendi neno makelele litumiwe ovyo. Anayelitamka mara nyingi hajangoja kiitikio.

Tulipokaribia Kakuma kijana alizima simu, asimalize betri. Yule mama akamgusa bega, akamwuliza kwa nini amenyamazisha.