Maji ya Dripu: Je, ya Bei Kubwa Ndiyo Bora?



Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi au mwenye maambukizi makali, presha yake hushuka, na mganga humtundikia dripu. Maji ya chumvi na Ringer tunayafahamu sote. Lakini yako pia maji mazito yaitwayo koloidi, na mojawapo hutengenezwa kiwandani kutokana na wanga wa mahindi au viazi. Watetezi wake walisema maji ya chumvi huvuja upesi kutoka kwenye mishipa, bali chembe kubwa za wanga hubaki ndani na kuyashikilia maji. Hoja hiyo inavutia, na hospitali nyingi za Ulaya ziliikubali, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Mwaka 2011 makala nyingi za Joachim Boldt, daktari wa usingizi wa Ujerumani aliyeyasifu sana maji hayo, zilifutwa na majarida ya kitabibu kwa kukosa kibali cha kamati ya maadili. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa Skandinavia juu ya wagonjwa mahututi 798 wenye maambukizi makali. Kati ya kila 100 waliopewa wanga, 51 walifariki ndani ya siku 90. Kwa waliopewa Ringer walikuwa 43. Waliohitaji kusafishwa damu kwa mashine pia walizidi upande wa wanga.

Wako madaktari waliosema, na si bila sababu, kwamba mgonjwa wa upasuaji si sawa na mahututi mwenye maambukizi. Ulaya ikaweka masharti mwaka 2013 na 2018, lakini wanga uliendelea kupewa wagonjwa waliokatazwa. Mwaka 2022 idhini ya kuuuza ikasitishwa katika Umoja wa Ulaya.

Huku kwetu, utafiti wa mwaka 2011 kwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali (wa kuharisha hawakuhusishwa) ulilinganisha maji ya chumvi na albumini, koloidi itokanayo na damu ya binadamu. Albumini haikuwa bora. Tena waliomiminiwa haraka, aina yoyote, walifariki zaidi kuliko wasiomiminiwa.

Basi katoni za msaada zikifika zahanati zikiwa na herufi HES kwenye lebo, msizipokee kabla ya kumwuliza mganga na mfamasia. Na mfadhili anayeuliza anunue nini, aelezwe kwamba maji ya chumvi na Ringer bado yanahitajika.