Siri ya Watu Wachache, Siri ya Watu Laki Nne

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 iliyombeba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka msituni karibu na Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa njiani kwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ili wazungumzie kusitisha mapigano. Ndani walikuwamo watu 16. Mmoja tu aliokotwa hai, naye akafia hospitalini siku chache baadaye. Wachoma mkaa waliokuwa msituni na matanuru yao usiku ule walieleza kwamba waliona ndege ya pili, na mwanga angani kabla ya kishindo. Tume ya serikali ya kikoloni ikaandika kuwa rubani alikosea, na maneno ya Waafrika wale ikayaweka kando. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 haikuridhika. Ilisema haiwezi kuthibitisha kwamba ndege ilishambuliwa, wala haiwezi kulifuta wazo hilo.

Zaidi ya nusu karne baadaye faili lile liliangukia mikononi mwa Mtanzania. Mwaka 2015 Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, aliongoza jopo la wataalamu lililotakiwa kupima habari mpya zilizojitokeza. Namna jopo lilivyofanya kazi yake inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali linalotusumbua kila siku kwenye vijiwe na kwenye simu zetu. Halikuuliza kama njama ipo au haipo. Lilichukua dai moja moja, likalipa daraja: halina uzito, lina uzito hafifu, wa wastani, au mkubwa. Mashahidi walioona ndege zaidi ya moja hawakutupwa tena nje ya mlango. Ushuhuda wao uliingia kwenye mizani na ukaonekana kuwa na kitu. Dai kwamba Hammarskjöld alinusurika ajali kisha akauawa akiwa chini halikupata nguvu. Na zile karatasi zilizotangazwa mwaka 1998 na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, zinazosimulia mpango wa kumuua, zilibaki na swali kubwa: zilikuwa nakala, na asili yake haikupatikana ikachunguzwa. Kisa ni kimoja, lakini ndani yake mna madai mengi, na kila dai lina kimo chake.

Sisi wengi hatupimi hivyo. Tunaichukua nadharia ya njama nzima nzima, kama furushi, na kuipokea au kuikataa kwa kumtazama aliyeileta. Ninachotaka kutetea hapa ni kipimo kingine. Tuiulize nadharia inahitaji watu wangapi wanyamaze, wanyamaze kwa miaka mingapi, na kama ni ya kweli ilipaswa kuacha alama gani duniani. Kisha twende tukazitafute alama hizo. Kipimo hiki hakimpendelei mkubwa wala mnyonge, na kinaweza kumpa ushindi mtu anayeitwa mwongo, jambo ambalo limetokea mara kadhaa katika bara letu.

Tuanze na idadi. Mwaka 2016 mwanafizikia David Robert Grimes alichapisha hesabu ya muda ambao siri inaweza kudumu kulingana na idadi ya wanaoijua. Kwa safari za mwezini alichukua watu wapatao 411,000, yaani wafanyakazi wa shirika la anga la Marekani lilipofikia kilele cha ajira. Kama wote hao wangekuwa wanajua kwamba safari ni maigizo, alikadiria siri ingevuja katika muda usiofika miaka minne. Hapo hatujawahesabu Wasovieti, waliokuwa na vyombo vya kufuatilia na kila sababu ya kumwumbua mshindani wao, wala wanajiolojia wa nchi nyingi waliopewa vipande vya zile kilo 382 za mawe na udongo wakavichunguza kwenye maabara zao. Nadharia hii inapobanwa kwa swali moja huongeza wahusika: wanajiolojia nao walinunuliwa, Moscow nayo ilinunuliwa. Kila jibu linaipa mzigo mpya. Dai linaloongezewa wala njama kila linapokutana na ushahidi linazidi kuwa zito kubebeka, hata kama mdomoni linaonekana jepesi.

Hesabu ya Grimes ina udhaifu ambao hatuna haki ya kuuficha. Aliipata kasi ya uvujaji kwa kutazama njama tatu ambazo tayari zilikuwa zimefichuka. Siri zilizofanikiwa kukaa siri haziwezi kuingia kwenye hesabu yoyote, kwa kuwa hatuzijui. Pingamizi hili ni la haki, na linazidi kuuma tunapoitazama mojawapo ya hizo tatu, utafiti wa kaswende wa Tuskegee katika jimbo la Alabama. Kuanzia mwaka 1932 idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo katika miaka ya 1940, hawakupewa. Mambo yaliendelea hivyo hadi mwaka 1972, miaka 40. Je, siri inayojulikana na waganga wengi haikudumu kizazi kizima?

Ilidumu, lakini tuangalie ilidumu vipi. Madaktari wale walichapisha matokeo yao kwenye majarida ya kitabibu tangu mwaka 1936. Mtu yeyote wa fani ile angeweza kusoma kwamba kuna wagonjwa wanaoachwa bila tiba ili waganga waone ugonjwa utafika wapi. Mfanyakazi mmoja wa idara hiyo, Peter Buxtun, alipeleka malalamiko kwa wakubwa wake katika miaka ya 1960 akapuuzwa, mpaka alipozipeleka habari hizo kwa waandishi. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni msikilizaji aliyejali maisha ya wakulima weusi wa Alabama. Kwa hiyo idadi ya wanaojua haitoshi peke yake. Inabidi tuulize pia wanaojua ni akina nani, na kama kuna mtu aliyewahi kuwauliza. Wachoma mkaa wa Ndola walijua walichokiona. Waliulizwa, kisha hawakusadikiwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wazee wa Kenya waliosimulia mateso ya kambi za kizuizini enzi za Mau Mau. Kwa miongo mingi simulizi zao zilihesabiwa na wengi huko Uingereza kuwa chumvi ya watu wenye kinyongo. Kesi yao ilipokuwa mahakamani London, mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni yake ya zamani, yaliyohamishwa wakati wa uhuru na kufungiwa katika jengo la serikali liitwalo Hanslope Park. Humo mlikuwamo karatasi zilizoonyesha kwamba wakubwa walijua yanayotendeka kambini. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Watawala walikuwa wamechoma karatasi nyingi kabla ya kuondoka, na bado zilibaki za kuwasuta. Njama ya kweli ina mshahara, ina barua ya ruhusa, ina hati ya malipo, ina karani anayeweka nakala. Pale inapofutwa, ufutaji wenyewe huacha kumbukumbu.

Chukua pia kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, mwezi Januari 1961. Kwa muda mrefu aliyesema kwamba Ubelgiji na Marekani zilikuwa na mkono ndani yake alionekana ametawaliwa na siasa. Mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilieleza jinsi shirika la ujasusi la nchi hiyo lilivyopeleka sumu Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960 kwa nia ya kumuua. Uchunguzi wa bunge la Ubelgiji ukafuata, na mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ikaomba radhi. Mwezi Juni 2022 familia ilikabidhiwa jino, mabaki pekee yaliyojulikana, lililokuwa limechukuliwa na polisi wa Kibelgiji aliyeyeyusha mwili kwa tindikali. Walioshuku walikuwa sahihi. Lakini sumu ile haikutumika. Lumumba alipigwa risasi Katanga mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Aliyeamini kuna njama alipatia, na aliyeamini Wamarekani walimlisha sumu alikosea, na huenda wote wawili ni mtu mmoja. Ndiyo maana nasisitiza dai moja moja.

Kwetu tuna usemi kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu huutumia kama muhuri: maadamu wengi wanasema, pana kitu. Usemi huu una mtihani mkubwa katika habari ya UKIMWI. Katika miaka ya 1980 ilisemwa, na bado husemwa, kwamba virusi vyake vilitengenezwa na jeshi la Marekani katika maabara ya Fort Detrick. Lilianzia wapi neno hilo? Mwaka 1983 gazeti moja la Delhi lilichapisha barua isiyo na jina la mwandishi. Mwaka 1985 gazeti la Moscow likaliendeleza, na kutoka hapo likasambaa nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Ilikuwa kazi ya idara ya ujasusi ya Kisovieti, na mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri. Lililosemwa lilikuwepo kweli, ila kilichokuwepo ni njama ya kulisema.

Hata hivyo asili chafu ya neno haitoshi kulifanya uongo, kwa hiyo twende kwenye alama. Mwaka 1959, katika jiji ambalo leo ni Kinshasa, damu ilichukuliwa kwa watu kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa, wa kinga ya kurithi dhidi ya malaria. Sampuli moja, ilipopimwa miaka mingi baadaye, ilikutwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka 1960 kipande cha tezi kilikatwa kwa mgonjwa wa jiji hilohilo, kikahifadhiwa kwenye nta. Nacho kilikutwa navyo. Virusi hivi hubadilika kizazi hadi kizazi kwa kasi inayokadirika, kama lahaja zinavyoachana baada ya watu kuhama. Wanasayansi walipozilinganisha sampuli hizo mbili walizikuta zimekwisha kuachana mbali sana, kiasi kwamba babu yao wa pamoja lazima awe aliishi mwanzoni mwa karne ya 20, na nyayo zake zinarudi kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Ufundi wa kuunganisha vinasaba maabara ulianza miaka ya 1970. Atakayesema sampuli hizo zilipandikizwa atalazimika kueleza nani, mwaka 1959, alijua afiche ushahidi wa ugonjwa ambao dunia ingeanza kuutambua mwaka 1981.

Chanjo ni mahali ambapo hasira na hofu vina mizizi, na sipendi kuona wanaouliza wakidharauliwa. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ya ujauzito itakayowafanya wasizae. Wazo hilo halikutoka hewani. Nchini India watafiti waliwahi kuunganisha homoni hiyo na chanjo ya pepopunda ili kutafuta kinga ya mimba, wakachapisha kazi yao waziwazi. Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa na mradi wa siri wa silaha za kibaiolojia, na mbele ya Tume ya Ukweli mwaka 1998 ilielezwa kwamba njia za kuzuia uzazi zilitafitiwa. Kwa hiyo mwanamke wa Kiafrika anayesita mbele ya sindano ana historia nyuma yake. Lakini historia inathibitisha kwamba jambo linawezekana. Haithibitishi kwamba limetendeka Kenya mwaka ule. Vipimo ambavyo maaskofu walivitegemea mwanzoni vilikuwa vya damu na mkojo wa binadamu, na kimiminika cha chanjo kina vihifadhi na kemikali vinavyoweza kuvidanganya. Na tuikumbuke alama: kama chanjo ingefunga vizazi, daftari za wodi za wazazi katika wilaya zilizochanjwa ndizo zingekuwa shahidi wa kwanza, na daftari hizo zinaandikwa na wakunga wa hapohapo, ambao wao wenyewe, dada zao na binti zao ni wanawake wa umri uleule.

Yako mapingamizi ya watu wanaosema haya yote ni kazi ya wataalamu, raia wa kawaida hana maabara wala jopo. Naona kinyume chake. Swali la wangapi wanyamaze halihitaji maabara. Wala swali la nani aliulizwa. Mchoma mkaa na jaji mkuu wanaweza kuyauliza kwa maneno yaleyale, na katika kisa cha Ndola ndivyo walivyokutana.

Othman aliendelea na kazi baada ya 2015, safari hii akiwa peke yake, kwa uteuzi wa Umoja wa Mataifa. Aliandika mwaka 2017 kwamba inaonekana kuna uwezekano wa kuridhisha kuwa shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa mojawapo ya sababu za ndege kuanguka, na hakuvuka hapo, kwa sababu ushahidi alionao haukumruhusu. Aliwahi pia kueleza kwamba mzigo wa kuthibitisha sasa uko mabegani mwa mataifa yenye kumbukumbu, hasa Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, yaonyeshe kwamba yamepekua kikweli maghala yao ya ujasusi na mawasiliano ya redio ya usiku ule. Ripoti yake ya mwaka 2024 bado ilizitaja nchi hizo.