Maji ya Kisima ni ya Mvua ya Mwaka Gani?

Akina mama wa Ushetu, katika nchi ya Kahama, wajua ya kuwa kisima kilichojaa mwezi wa Aprili chaweza kubaki tope tupu ifikapo Oktoba. Nao wengi hudhani kwamba mvua ikinyesha tena, maji yatarudi kama yalivyokuwa. Sivyo ilivyo.

Mvua za huko huanza Novemba, zikakoma Aprili au Mei. Ile ya kwanza haifiki mbali: ardhi iliyokauka huinywa, mizizi huchukua fungu lake, na jua hudai lililosalia. Udongo mweusi wa mbugani nao ukisha kulowa huvimba, ukaziba nyufa zake, maji yakatuama juu mpaka yakakauka. Chini, sehemu kubwa ya nchi hiyo imelalia mwamba wa itale. Maji hukaa katika tabaka ya juu ya mwamba huo, iliyooza kwa zama nyingi ikawa kama changarawe, na katika nyufa zilizo chini yake. Basi, ili yafike huko, hapana budi udongo ushibe kwanza, na mvua iendelee kunyesha kwa nguvu.

Jambo hili lilipimwa kwa muda mrefu Makutapora, kaskazini ya Dodoma, penye ukame na mwamba wa jinsi hiyo hiyo. Wataalamu walipozitazama hesabu za miaka 55, tangu 1955, waliona kuwa maji ya visima hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha hupandishwa na msimu mmoja wa mvua kubwa. Mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa El Niño, 1997 hadi 1998. Mvua ile ile iliyobomoa madaraja na barabara, nasi tukailalamikia, ndiyo iliyojaza ghala! Ilionekana baadaye kwamba maji mengi huingilia katika mchanga wa mito ya msimu, ile tuionayo mikavu tukadhani haina kazi.

Kwa hiyo ndoo ya leo yaweza kuwa ya mvua iliyonyesha kabla mtoto anayeiteka hajazaliwa.

Mwenye kisima na apime kwa kamba kila mwisho wa Oktoba, toka ukingoni hadi usoni pa maji, na afunge fundo hapo. Fundo likizidi kwenda chini mwaka hata mwaka, bustani na ipunguziwe maji mapema, yabaki ya kunywa na ya kutawadhia.