Kwa Nini Samburu si Nyeri

Katika uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa Kenya mwaka 2022, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliulizwa kama wamekwisha kushika mimba. Jawabu la Samburu lilikuwa 50 katika kila 100, na la Nyeri lilikuwa 5. Serikali ni moja, sheria ni moja, tena safari ya gari kati ya mahali hapo pawili haimalizi mchana, lakini baina ya binti wa huku na binti wa kule imesimama tofauti ya mara 10. Ulimwenguni pengo ni pana zaidi: Niger, kwa hesabu ya mwaka 2012, wasichana 1,000 wa umri huo walizaa watoto 206 kwa mwaka, ilhali Korea ya Kusini hawafiki 2.

Wepesi wa kuhukumu husema ni hulka ya watu, au joto la nchi. Mwili wenyewe wakanusha dai hilo. Ulaya ya karne ya 19 wasichana wengi walivunja ungo wakiwa na miaka 16 hivi. Leo, kwa sababu ya lishe, huvunja ungo wapatapo 13. Lau baleghe ingalikuwa ndiyo sababu, nchi zilizoshiba zingaliongoza kwa mimba za usichana. Nazo ndizo zilizo nyuma kabisa. Wala si wingi wa tamaa, kwani Jacqueline Darroch na wenzake, walipolinganisha nchi 5 tajiri mwaka 2001, waliona vijana wa Uswidi, Ufaransa, Kanada, Uingereza na Marekani wakianza kujamiiana katika umri unaokaribiana, lakini wa Marekani, ambao ufukara uliwabana zaidi na kinga waliitumia kwa uchache, ndio walioshika mimba kwa wingi.

Kwa Niger jambo ni jingine, kwa kuwa binti 3 katika kila 4 huolewa kabla ya kutimia miaka 18, na mtoto huja katika nyumba inayomngoja kwa vigelegele. Vigelegele hivyo havipanui nyonga: mifupa yake huendelea kukua hata baada ya kimo kukoma, na mama mdogo ambaye mtoto humkwama njiani siku mbili tatu aweza kubaki na fistula, mkojo ukimtoka bila hiari, ajitenge na watu kwa fadhaa.

Pwani yetu ilikuwa na kungwi, ambaye mwari alipovunja ungo alifunga naye mlango akamweleza mambo ya mwili kwa maneno yasiyofumbwa, ijapokuwa mafunzo yale yalimwandalia mume. Waholanzi, kwa njia yao wenyewe, huwafunza watoto wa shule za msingi habari za mwili na za mapenzi tangu utoto, kila umri kwa kadiri yake, na wasichana wao ni miongoni mwa wanaozaa kwa uchache kabisa duniani. Nami sioni haya kusema kwamba tulipomwondoa kungwi bila ya kuweka mtu mahali pake, tulimwachia binti kunong'onezwa na yule ambaye faida yake ni kumdanganya.

Katika shule za magharibi ya Kenya, mchumi Pascaline Dupas alilipima jambo hili. Mwaka 2004 mjumbe aliingia darasa la 8, akaonyesha filamu fupi ya msichana na mwanamume mtu mzima, kisha akaandika ubaoni, kwa umri na kwa jinsia, kiasi cha watu wa Kisumu waliokuwa na virusi vya UKIMWI, hata wasichana wakaona kwa macho yao kuwa mashuga dedi walikuwa wameambukizwa kwa wingi zaidi kuliko wavulana wa rika lao. Dakika 40, akaondoka. Katika mwaka uliofuata mimba zilipungua kwa asilimia 28, na zile za wanaume wakubwa ndizo zilizopungua zaidi; ilhali kuwafunza walimu mtaala wa taifa, ambao nasaha yake ilikuwa ni kujizuia mpaka ndoa, hakukupunguza mimba.

Katika shule nyingine wasichana wa darasa la 6 walipewa sare bure, nguo iliyogharimu dola 6 hivi, na baada ya miezi 18 aliyekuwa angali shuleni akapewa ya pili. Hawakuambiwa neno lolote la mapenzi wala la kinga. Baada ya miaka 3, miongoni mwa wasiopewa, 16 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Miongoni mwa waliopewa, 13. Hao watatu hawakuhitaji mwenye kuwaonya. Walihitaji gauni la kuendea shule.