Desemba kwenye Roshani ya Mama

Kompyuta haijui kwamba Marangu kuna Desemba. Mimi nisipoiambia, hakuna mwingine wa kuiambia.

Mama anaongeza ghorofa kwenye nyumba yetu ya Mshiri, na roshani itakayotokeza mita 1.5 kuelekea tambarare ya Himo. Karibu mwaka mzima atakaa humo na mjukuu mmoja. Krismasi ikikaribia Wachaga tunapanda nyumbani, na kukiwa na kipaimara, watu arobaini na pipa la mbege watakuwa kwenye roshani hiyohiyo.

Programu ya kukokotoa majengo hupokea mizigo kwa mafungu. La kwanza ni uzito wa nyumba yenyewe: mita moja ya ujazo ya zege ni kama kilo 2,400, hivyo slabu ya sentimita 15 ni kilo 360 kila mita ya mraba. Fungu hili programu hulijaza yenyewe kutokana na vipimo. Ukilirudia kwa mkono, uzito unahesabiwa mara mbili na mwenye nyumba ananunua nondo asizozihitaji. Nilifanya kosa hilo nikiwa mgeni kazini, kwa fedha ya mjane. Linaniuma hadi leo.

La pili ni watu na samani. Kanuni za Uingereza, ambazo wengi wetu tumezisoma, zinataka kilo 150 kwa mita ya mraba ya nyumba ya kuishi. Ukumbi wa dansi, 500. Roshani ya Mama nimeipa 500. Upepo unaonyanyua mabati una fungu lake.

Kazi ngumu huanza hapo: mizigo ipi hukutana? Wageni wakijaa roshani na chumba kikibaki kitupu, sakafu hutaka kubinuka kama mizani. Basi, kwa tahadhari, uzito wa roshani nauzidisha kwa 1.4, wa wageni kwa 1.6, lakini slabu ya chumbani naiacha kwenye 1.0 kwa sababu uzito wake unasaidia kushikilia. Hapo nikaona nondo za juu ni fupi. Lazima ziingie ndani zaidi, kuipita bimu ya mbele. Mvua ikiwakimbiza wageni chumbani, sakafu ya ndani hulemewa kuliko pote pakijaa. Ningejaza kila mahali kwa pamoja, hali zote mbili zingenipita.

Jioni nilimsomea Mama mafungu yote, akimenya ndizi. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Na tangi la maji, mwanangu? Fundi kasema litakaa juu ya choo cha ghorofani.”

Lita 2,000. Tani mbili. Nikaifungua kompyuta upya.