Baada ya Kisomo, Kitabu

Sheria inazitaka halmashauri nchini Tanzania zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fursa hiyo hupita kwenye karatasi: tangazo ubaoni, katiba ya kikundi, fomu, andiko la mradi, mkataba. Mama asiyejua kusoma anaweza kuwa mchapakazi kuliko wenzake wote kikundini, lakini dole gumba lake ataliweka kwenye maneno aliyosomewa na mtu mwingine. Deni ni lake, na masharti anayajua kwa kusimuliwa.

Kwa hiyo elimu ya watu wazima si habari ya zamani, ingawa historia yake inafaa kukumbukwa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986, takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Vitabu vya kisomo, yaani madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, vilihusu pamba, migomba, uvuvi na mifugo, ili mkulima asome juu ya kazi aliyotoka kuifanya asubuhi.

Waandaaji wa kampeni ya kisomo walielewa jambo tunaloelekea kulisahau: anayejifunza kusoma ukubwani asipopata cha kusoma, husahau. Ndiyo maana madarasa hayakuachwa peke yake. Kanda ya Ziwa ilipata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Maktaba za vijiji zikaanzishwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilivikusanya vikundi vya watu kando ya redio, vitabu vya kampeni mkononi, ili wajadili malaria na vyoo, kisha wakachimbe vyoo hivyo.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, karatasi ikaadimika, fedha zikapungua, na maktaba nyingi za vijiji zikafa. Kiwango cha kutojua kusoma kikaanza kupanda tena. Naamini kosa kubwa lilikuwa kudhani kwamba kazi humalizika mtu anapofaulu mtihani wa kisomo. Mtihani unapima alichokijua siku ile. Kitakachomfanya abaki msomaji miaka mitano baadaye ni kitabu kilicho karibu naye.

Leo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani. Lakini maktaba nyingi zimejaa wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Mtu wa miaka hamsini aliyetoka juzi kwenye kisomo akiingia humo, ataona vitabu vya kidato cha nne na riwaya za maandishi madogo. Atatoka kimya, akiamini mahali hapo si pake.

Linalohitajika halitaki jengo jipya. Kabati moja la vitabu vya Kiswahili vyepesi, vya herufi kubwa, kuhusu kilimo, afya ya uzazi, ardhi, mirathi na biashara ndogo, linaweza kukaa ofisi ya kata au shule ya msingi, likafunguliwa jioni watu wakitoka shambani na sokoni. Hapo hapo zibandikwe nakala za fomu za mikopo, na mwalimu wa kisomo azitumie kufundishia. Mwanakikundi akijaza jina lake na kusoma kifungu cha marejesho darasani, siku ya kusaini hatakuwa mgeni wa karatasi ile.

Halmashauri zinazotenga fedha za mikopo zina sababu ya kutenga kidogo kwa kabati hilo. Mkopaji anayeweza kusoma mkataba wake na kuandika hesabu zake mwenyewe ana nafasi bora ya kurejesha, na si rahisi kumdanganya.