Bibi Hawangi, Bibi Anaumwa

Ndugu zangu, leo nazungumza na wazazi wenye mzee nyumbani.

Huku kwetu Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na mdomoni mwa mto Ruvuma, bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na mtoto hufurahi. Basi siku bibi huyo anapomuuliza, "Wewe mtoto wa nani?", mtoto huumia. Akimwona anafungua mlango usiku wa manane na kutoka, kisha akasikia jirani akisema bibi anawanga, huogopa. Tusipomweleza sisi, ataelezwa mtaani.

Tumweleze nini? Kwamba bibi ana ugonjwa wa ubongo. Unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Huharibu ubongo polepole, na kwa kawaida huanza na sehemu inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana bibi husahau kwamba amekula mchana, lakini akakumbuka vizuri alivyovuka Ruvuma na mzigo kichwani, wakati wa vita ya Msumbiji iliyoanza mwaka 1964. Akitoka usiku, huenda anaitafuta nyumba yake ya zamani.

Wala si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusu wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Karibu 6 katika kila 100 walikuwa na Alzheimer au maradhi ya jamii yake.

Kwanza mpelekeni mzee hospitali. Malaria, sukari au upungufu wa damu navyo huweza kumchanganya, na hivyo vina tiba. Alzheimer yenyewe dawa ya kuiponya haijapatikana. Mtoto mkubwa aambiwe hivyo.

Mdogo yamtosha haya: "Bibi anaumwa. Hakusudii. Si wewe uliyemuudhi, na huwezi kuambukizwa." Kisha afundishwe asimbishie. Bibi akimwita kwa jina la baba yake, aitike. Amuulize habari za zamani, waimbe nyimbo anazozikumbuka. Lakini kumlinda usiku ni kazi ya watu wazima.

Neno "mchawi" limewaua vikongwe wengi nchini mwetu. Lisianzie kinywani mwa mjukuu.